Jibu la Jumatatu ya Kanivali

Kila mwaka, Jumapili ya kanivali, zile siku za shangwe kabla ya Kwaresima, Bi Hersilie alishuka kutoka Morne-Rouge, kule mlimani kwenye ukungu, akaja Saint-Pierre, mji wa pwani, kukaa kwa binamu yake Clémence mpaka Jumatano ya Majivu. Mizigo yake ilikuwa ile ile: kikapu cha viazi vikuu, chupa ya asali, nguo nyekundu ya Jumanne, nguo nyeusi na nyeupe za Jumatano, na suti ya marehemu mumewe Anatole, ambayo ilikuwa ya Jumatatu. Clémence ndiye aliyeipunguza mikono ya lile koti zamani, na kila mwaka aliipiga pasi kabla hajaombwa.

Jumatatu ya kanivali ni siku ya harusi za mzaha. Wanaume wanakuwa mabibi harusi, wenye gauni, shela na masharubu, na wanawake wanakuwa mabwana harusi. Bibi harusi wa Bi Hersilie, kwa miaka mingi sasa, alikuwa Théodule, fundi wa madirisha ya mbao, mgane aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwa Clémence. Théodule alijifunga mto tumboni akawa mja mzito, akajiita Mamzeli Titine. Hersilie alijiita Bwana Polikarpi. Titine alidai ndoa, Polikarpi aliikana mimba, na mji mzima uliwajua, ukawangoja.

Ila mchezo ule una sheria yake. Bwana harusi wa Jumatatu hakubali. Akisema ndiyo, mchezo umekufa papo hapo na watu wataondoka kwenda kutazama harusi nyingine. Kazi yake ni kutukana na kukimbia, na kazi ya bibi harusi ni kumfukuza mtaa mzima huku akiushika mto usidondoke.

Mwaka huu walifika mbele ya ukuta mweusi wa thieta ya kale iliyounguzwa na volkano, ngoma nyuma yao na watu wamejaa kwenye ngazi. Mwuza mikate alikuwa meya wa kufungisha ndoa, na kitabu cha zamani cha nambari za simu mkononi. Alisoma majina kadhaa kana kwamba ni sheria za ndoa, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Hapo ndipo Titine huanza kulia na kuorodhesha aibu zake. Lakini Théodule hakulia. Aliinama mpaka shela ikamgusa Hersilie shavuni.

"Hersilie," akasema.

Hakusema Polikarpi. Wala sauti haikuwa ya Titine, ile nyembamba kama ya kuku aliyefungwa miguu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya mtu anayeongea na misumari mdomoni.

"Hersilie, nataka tuishi pamoja. Unanikubali?"

Watu walikuwa wanangoja. Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Hersilie ulikuwa umezoea. Kabla akili haijafika, mdomo ulishajibu kwa sauti ya Polikarpi, ya kusikika mpaka ngazi ya juu:

"Nikukubali na tumbo hilo? Nenda kamtafute aliyekupa. Mimi nimekuja kula keki."

Kicheko kikavuma. Hersilie akageuka, akapandisha suruali, akaanza kukimbia kama kawaida, hatua fupi fupi, akisubiri kusikia nyuma yake viatu vya Titine na matusi yake. Hakusikia kitu. Alipotazama, Théodule alikuwa amesimama pale pale mbele ya meya. Kisha akaliinua gauni kidogo lisilowe kwenye mfereji wa maji, akaondoka taratibu kando ya ukuta, akichechemea. Watu wakampigia makofi. Walidhani ni mtindo mpya.

Bi Hersilie alibaki katikati ya barabara na suti ya mumewe, hajui akimbie au asimame. Mwanamke mmoja asiyemjua, aliyevaa kama askari, alimshika kiwiko akamsogeza kando ili kundi la ngoma lisimkanyage, akamwambia, "Umechoka, bwana harusi, keti." Hersilie akaketi.

Nyumbani alimkuta Clémence anakaanga maandazi ya kanivali. Akamsimulia yote. Clémence hakushtuka hata kidogo. Alisema Théodule ni Théodule, kwamba mwaka fulani alimposa mbuzi wa padri mbele ya padri mwenyewe, na mbuzi yule alijibu vizuri kuliko Hersilie.

"Lakini alitaja jina langu," Hersilie akasema.

Uma wa Clémence ukasimama juu ya mafuta. "Jina lako la ubatizo? Katikati ya mchezo?"

"La ubatizo."

Clémence akazima jiko. Hilo lilikuwa jambo jingine. Mtu aliyevaa vazi la kanivali haitwi kwa jina lake wala hamwiti mwenzake kwa jina lake, na Théodule alikuwa mkali kwa mambo hayo kuliko mzee yeyote mjini. Clémence akavuta kiti, akakaa, akaanza kufuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Kwani hakukwambia habari ya Marlène?" akauliza.

Hersilie hakuambiwa kitu. Ndipo Clémence akamweleza kwamba Marlène, binti pekee wa Théodule, amekuja kutoka Paris wiki iliyopita, na kwamba Jumamosi baba na binti wanapanda ndege.

"Kutembea?"

"Kukaa, binamu yangu. Anasema baba yake amezeeka, anaishi peke yake, siku moja ataanguka kwenye ngazi ya mteja na hakuna atakayejua."

Kuanzia hapo Bi Hersilie hakujua tena ashike lipi. Kama Théodule alisema kweli, basi yeye amemkana mtu mbele ya mji mzima, na Jumamosi mtu huyo ataondoka na jibu lile masikioni. Kama alitania, basi ni mzaha wa kuaga tu, na akienda kumjibu kwa moyo atakuwa kichekesho mpaka kanivali ijayo, ambapo Théodule hatakuwepo. Na yeye mwenyewe alitaka nini? Hilo ndilo lililomchanganya zaidi, maana alipojiuliza aligundua kwamba jibu lilikuwemo ndani siku nyingi, limekaa kimya kama mgeni mwenye adabu.

Clémence alimshauri aende kumwuliza.

"Nimwulize vipi? Nimwambie, ulipokuwa na mimba, ulikuwa unasema kweli?"

Clémence akacheka mpaka akalia, kisha akamwekea maandazi mawili makubwa kwenye sahani, yale yaliyoumuka vizuri, yeye akala yaliyoungua.

Asubuhi ya Jumanne Hersilie alipita mbele ya nyumba ya Théodule, akijifanya anakwenda kununua limau. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Akarudi, akapita tena. Mwenye duka alimpa limau zile na kumwuliza kwa upole kama anatafuta kitu kingine. Akasema hapana.

Mchana mashetani mekundu yalitoka. Jumanne kila mtu ni mwekundu, na barabara ile nyembamba kati ya kuta nyeusi ikawa kama mto wa pilipili. Hersilie alisimama kwenye kona na kilemba chake chekundu, akitazama mikia yenye kengele na vinyago vyenye pembe vilivyobandikwa vioo vidogo vidogo. Alikuwa anatafuta joho moja tu. Joho la shetani la Théodule lilichanika mgongoni zamani, na ni yeye Hersilie aliyelitia kiraka cha pazia lake la jikoni, lenye mananasi ya njano, kwa kuwa hakukuwa na kitambaa chekundu karibu. Théodule alikataa katakata kukibadilisha. Alisema shetani mwenye mananasi ni mmoja tu duniani.

Na kweli, akayaona mananasi. Shetani lile lilikuwa linapita pembeni, peke yake, halirukiruki sana. Hersilie alifikiri: mguu unamsumbua, maskini. Akalikamata joho, akalivuta mpaka kwenye upenyo wa ukuta uliobomoka, mahali ambapo ngoma zilisikika kwa mbali kidogo.

Shetani la Jumanne halisemi, na kinyago chake hakifunuliwi. Hersilie alilijua hilo na safari hii lilimfaa. Alimwambia asiseme kitu, asikilize tu, na kama ni mzaha aucheke baadaye nyumbani kwake. Akamweleza kwamba jana alijibu kwa mazoea, kwamba mdomo ulikuwa wa Polikarpi. Akamweleza kwamba tangu Anatole afe anakula amesimama karibu na jiko, kwa sababu kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja ni kama kumsubiri mtu ambaye haji. Katika vile vioo alijiona vipande vipande, jicho hapa, mdomo pale, vyote vinaongea, akaona aibu, lakini hakuacha.

"Nakutaka," akasema. "Basi. Nilikuwa nasubiri uniulize siku ya kawaida, ukiwa na suruali."

Angeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini moyo ukishafunguka hauchagui cha kutoa. Akaongeza habari ya Marlène. Alisema binti huyo ni baridi kama friji, anakuja mara moja kwa miaka kadhaa na maua ya kaburini na saa ya kurudi tayari imepangwa. Alisema atamweka baba yake juu, ghorofa ya ngapi sijui, nyuma ya madirisha ya vioo yasiyohitaji fundi, amtazame mzee anavyonyauka halafu aseme ni umri.

Shetani halikusema neno. Kisha likafanya jambo ambalo Hersilie hakulisahau: lilimwona anapangusa machozi chini ya miwani yake, likamvua hiyo miwani taratibu, likaifuta kwa ncha ya joho lake, likamrudishia usoni, sikio moja kwanza, halafu la pili. Likamshika mkono kwa glavu zote mbili. Halafu likaondoka haraka, na kengele ya mkia ikapotea katika kengele nyingine.

Bi Hersilie alirudi nyumbani mwepesi. Alikaanga samaki wa chumvi huku akiimba. Clémence hakuwepo, alikuwa amempelekea mgonjwa supu. Aliporudi Hersilie akamwuliza ni mgonjwa gani.

"Si huyo Théodule wako. Mguu umemvimba kama shelisheli tangu jana. Alikanyaga pindo la gauni akiwa anavaa, ukateguka, na bado akaenda kuolewa. Leo kutwa nzima yuko jikoni, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi."

"Leo kutwa?"

"Hajavuka kizingiti tangu jana. Mimi mwenyewe nimembadilishia maji."

Hersilie akaketi juu ya kikapu cha viazi. Clémence alimwuliza kuna nini, naye akashindwa kueleza. Alijua tu kwamba amemwaga moyo wake wote masikioni mwa mtu, na mtu huyo hamjui. Maji yakishamwagika hayazoleki. Lakini mtu walau hujua yamemwagikia wapi.

Jumatano asubuhi alikwenda kanisani kupakwa majivu. Alitazama kila uso. Mwuza mikate alimwinamia kwa heshima kupita kiasi: ni yeye? Mwuguzi wa zahanati alimtabasamia: ni yeye? Mzee mmoja alimpisha kwenye benchi, na Hersilie akakaa akiwa amekaza shingo, akiwaza kwamba mzee huyu labda anajua anakula amesimama. Watu wote walikuwa wema kwake asubuhi ile, na wema wao ulimtisha. Hakuweza kusema kama walikuwa hivyo siku zote na yeye hakuona.

Baada ya mchana alivaa nyeusi na nyeupe kama mji mzima. Jioni Vaval angechomwa ufukweni, lile sanamu kubwa ambalo ndilo mfalme wa kanivali, na kila mtu angemlilia kama mjane. Alikuwa anafunga kilemba Clémence alipomwita kwamba ana mgeni.

Mlangoni alisimama Marlène, mrefu, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, na mkononi joho jekundu lililokunjwa. Upande wa mananasi ulikuwa juu.

Hersilie aliachia kilemba kikamfungukia mabegani.

"Shikamoo, Bi Hersilie," Marlène akasema. "Friji imekuja."

Clémence, ambaye hakuelewa kitu, alitazama huku na huku, akasema anakwenda kuangalia kama mvua itanyesha, akatoka nyuma ya nyumba.

Hersilie alianza kuomba radhi, na maneno yakagongana. Marlène akatikisa kichwa. Alisema baba yake ndiye aliyemtuma. Alikuwa hawezi kuvaa kiatu, na hakutaka Jumanne ipite bila nyumba yao kutoa shetani. Marlène mwenyewe hakuwa amecheza tangu alipokuwa msichana. Alivaa ili mzee atulie, akapanga kuzunguka mara moja arudi, halafu mtu akamvuta kwenye upenyo wa ukuta.

"Ungeniambia," Hersilie akanong'ona. "Ungeinua mkono tu."

"Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu shetani halisemi. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusikia." Akalipapasa joho. "Kwenye simu baba husema hajambo. Miaka yote hajambo. Mimi nilidhani hana mtu."

Hersilie alimkaribisha maji, naye akanywa glasi nzima kwa mkupuo mmoja, kama mtoto.

"Umemwambia?" Hersilie akauliza.

"Hapana. Maneno hayakuwa yangu. Na sijui yeye anataka nini, mama. Tangu Jumatatu haongei, anatazama beseni. Nikimwuliza kuhusu safari anasema sawa. Nikimwuliza kama anaumwa anasema sawa." Akasimama. "Hawezi kwenda ufukweni kumlilia Vaval. Nimekuja kukuomba ukalie naye nyumbani."

Walitembea pamoja wakiwa wawili, na watu wote mjini walikuwa wanaelekea upande mwingine, baharini, wakiomboleza kwa sauti na kupiga masufuria. Mara mbili Hersilie alisimama akataka kurudi. Marlène hakumsukuma. Alisimama naye mpaka alipoanza kutembea tena.

Théodule alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, mguu juu ya kigoda, shati jeupe, tai nyeusi. Alipomwona Hersilie alijaribu kuinuka, ikashindikana. Marlène akasema ana dengu jikoni, akawaacha.

"Umekuja kucheka," Théodule akasema.

"Nimekuja kujibu. Jumatatu nilijibu kama Polikarpi. Sasa nataka..."

Théodule akainua mkono kumzuia. Uso wake ulikuwa na woga ambao Hersilie hakuwahi kuuona.

"Subiri. Vaval hajaungua. Kinachosemwa kabla hajaungua ni mali ya kanivali, na mimi nimeshaumia mara moja wiki hii. Subiri aishe, halafu useme, ili nijue ni kweli au ni mzaha."

"Na wewe mbona ulisema Jumatatu?"

Théodule alitazama mikono yake. Akasema alijaribu Krismasi, akajaribu na mwaka mpya, akapanda mpaka Morne-Rouge eti kukagua madirisha ambayo hayakuwa na ubovu wowote, na kila mara alishuka na maneno yake. Mtu wa umri wake akikataliwa anakwenda wapi na uso? Basi akaona shela itauficha uso. Hakufikiria kwamba shela itayaficha na maneno.

Hersilie hakujua acheke au alie, kwa hiyo alivuta kiti. Waliketi upande kwa upande dirishani, bila kuongea, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Kutoka ufukweni kelele zilipanda. Moshi ukaonekana juu ya mapaa, kisha mwanga, kisha kile kilio kikubwa cha mji mzima, wanaume na wanawake, wakimwita Vaval asiwaache. Hersilie naye akajikuta analia. Théodule alimpa leso, na hakumwuliza anamlilia nani.

Kilio kikafifia. Ngoma moja iliendelea kidogo, ikanyamaza.

"Sasa," akasema Théodule. Lakini hakuendelea.

"Sasa mimi ndiye ninayesema, au wewe ndiye unayeuliza upya?"

"Sijui. Sikufikiria mpaka hapa."

"Basi nitasema. Ndiyo, Théodule. Nataka tuishi pamoja. Ni Hersilie anayesema, na leo ni Kwaresima."

Théodule alimtazama kwa muda mrefu, kama anayekagua ubao kabla ya kuukata. Akasema, polepole, kwamba katika hali hiyo atahitaji kumwambia Marlène jambo fulani kuhusu Jumamosi.

"Nimesikia," Marlène akasema kutoka jikoni. Akaingia na sahani tatu za dengu, akaziweka mezani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemwuliza, maana jioni ile macho ya mji mzima yalikuwa hivyo. "Nitasafiri peke yangu. Ila nielezeni kitu kimoja, niwe na la kuwajibu watu wakiniuliza baba yako anakaa wapi. Nani anahamia kwa nani?"

"Yeye anashuka hapa," akasema Théodule.

"Yeye anapanda Morne-Rouge," akasema Hersilie, pamoja naye.

Wakatazamana. Théodule akasema baridi ya mlimani itamla magoti, na ukungu unaozesha mbao. Hersilie akasema joto la Saint-Pierre halimwachi mtu alale, na yeye ana kuku. Théodule akauliza ni kuku wangapi. Hersilie akamjibu kwamba hilo halimhusu mtu ambaye bado hajakubali kupanda. Marlène aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akavuta kiti chake, akawaambia wale dengu kwanza.